Mwalimu Aliyeichora Nyumba ya Shangazi

Wako watu Mbinga wanaomkumbuka Mwalimu kwa wema, na sitawabishia. Aliwafundisha jiografia, wengine wamefika mbali kwa sababu yake, na wakikutana harusini huiga sauti yake wakacheka mpaka machozi. Mimi hunyamaza. Nilimjua kwa miaka tisa, nilikaa naye meza moja karibu kila Jumamosi, na mpaka leo nikisikia mtu anakohoa kama alivyokohoa yeye, mara mbili fupi kabla ya kukukosoa, shingo yangu inakakamaa.

Sitaeleza alizaliwa wapi wala alikuwa mtoto wa nani. Hayo yanajulikana na hayajawahi kunisaidia kumwelewa. Nitaeleza alivyokuwa tulipokuwa naye sisi watatu: mimi mwenye steshenari, Rashidi wa duka la vifaa vya ujenzi, na Osmund, bwana shamba. Tulikuwa watu wazima, tuna kazi zetu na familia zetu, na bado Mwalimu aliweza kutufanya tukae wima kama kidato cha kwanza.

Kilichotukutanisha ni mchezo. Zamani, alipokuwa bado kazini, shuleni kwao alikuja mwalimu wa kujitolea kutoka nje. Huyo alipoondoka alimwachia kitabu kinene chenye jalada lililochanika, pamoja na kifuko cha dadu za rangi: nyingine za pande nne, nyingine za pande nane, moja ya pande ishirini. Mwalimu alikaa na kitabu kile mwaka mzima akakitafsiri chote kwa mkono, akajaza kaunta buku nne. Mchezo wenyewe ni rahisi kuueleza. Watu wanakaa mezani. Mmoja ni msimulizi. Wengine kila mmoja ana mtu wake wa kubuni, ameandikwa kwenye karatasi: nguvu zake kiasi gani, ujasiri kiasi gani, anajua nini, anaogopa nini. Msimulizi anasema, "Mmefika kwenye nyumba. Mlango umefungwa, lakini ndani mtu anatwanga. Mnafanya nini?" Kila mmoja anasema mtu wake anafanya nini, na jambo likiwa gumu unarusha dadu, ndiyo inayoamua. Hadithi inaweza kuchukua miezi. Mwalimu alipenda za aina moja tu, za kutisha.

Tulicheza chumba cha nyuma ya duka langu, katikati ya maboksi ya karatasi, saa nane mchana. Osmund alipendekeza mara moja tucheze jioni, giza likiingia. Mwalimu alimtazama kama mtu aliyekojoa kisimani.

"Giza linatisha lenyewe," alisema. "Msimulizi anayengoja giza limsaidie ni mvivu."

Simu tuliziweka kwenye ndoo ya plastiki yenye kifuniko. Aliyechelewa hakumiminiwa kahawa, hata kama chupa ilikuwa imejaa na mvua imemnyeshea njia nzima. Na ukisema mtu wako "anaogopa sana", Mwalimu alikohoa mara mbili. "Sana ni nini? Sema mwili unafanya nini. Magoti? Tumbo? Mate yamekauka?" Rashidi, ambaye babu yake alitoka pwani na Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko chetu sote, alisahihishwa kuliko wote. Nadhani Mwalimu, Mmatengo aliyejifunzia Kiswahili darasani kwa fimbo, hakumsamehe kuzaliwa nacho.

Mimi aliniita Mama Kopi. Si kwa utani. Kuna siku nilimwelezea mtu wangu wa kubuni, muuguzi jasiri, na Mwalimu akasikiliza mpaka mwisho, kisha akawaambia wenzangu kana kwamba mimi sipo, "Mama Kopi anacheza kama anavyofanya kazi. Anatoa nakala." Osmund alicheka. Nilicheka na mimi. Nilirudi nyumbani nikakaa jikoni nikitafuta la kumjibu, na sikulipata wiki nzima. Ningeweza kuacha kwenda. Duka lilikuwa langu na chumba kilikuwa changu. Ningeweza kumfungia mlango. Badala yake nilianza kujitahidi ili anisifu. Watu wa aina yake wana kipaji hicho, wanakunyima kitu mpaka unakitamani.

Kuhusu imani zake sikuwahi kupata picha kamili. Kanisani alikaa benchi la mbele, na maneno ya uchawi hakuyavumilia hata kidogo. Nilimshuhudia akimfukuza mganga sokoni kwa maneno makali mpaka watu wakasogea pembeni. "Ushirikina ni uvivu wa akili," alisema, na aliweza kulisema hilo mbele ya msiba. Lakini Rashidi alimkuta siku moja kwa kinyozi. Mwalimu alikuwa ameinama sakafuni, akizoa nywele zake mwenyewe moja moja na kuzitia kwenye bahasha. Kinyozi alitazama ukutani. Rashidi hakuuliza, ila Mwalimu alijibu hata hivyo: "Usafi."

Na jambo hili nalisema shingo upande. Mke wa Osmund alipofariki, Mwalimu alikwenda kwa Osmund kila siku kwa mwezi mzima. Hakuhubiri, hakusema maneno ya faraja. Alifika, akavua koti, akaosha vyombo vyote vilivyokuwepo, akavipanga, akavaa koti akaondoka. Osmund mpaka leo hawezi kusikia neno baya juu yake. Namwelewa. Mimi hakuwahi kuniosha chombo.

Sasa nifike kwenye siku ya kuchagua mahali.

Tulikuwa tumemaliza hadithi ndefu ya nchi ya theluji, ngome juu ya mlima na mbwa mwitu. Watu wetu wote walikufa kwa baridi. Hakuna kati yetu aliyewahi kuona theluji, na mwishoni nilikuwa nimeichoka kama ugali wa jana. Jumamosi iliyofuata Mwalimu hakutoa dadu. Alitandaza mezani ramani kubwa ya mkoa, ya kufundishia, yenye alama za kukunjwa.

"Leo hatuchezi," alisema. "Leo tunachagua hofu yetu itakaa wapi. Nimechoka na ngome za watu. Kila mmoja ataje mahali, atetee."

Rashidi alianza. Alitaka tutoke nje ya ramani, twende pwani, kwenye magofu ya Kilwa, misikiti iliyoachwa, makaburi.

"Umewahi kufika?"

"Bado, Mwalimu. Babu alikuwa akisimulia."

"Basi unataka kutupeleka ndani ya kadi ya posta."

Osmund akataja pori la Liparamba. Kulala porini, simba, mto, mpaka wa nchi na watu wanaouvuka ambao hujui wanakwenda wapi. Mwalimu alifikiri kidogo, kwa hiyo Osmund akapata matumaini.

"Hapana. Simba si hofu, simba ni ajali. Anakula, anashiba, anaondoka. Mama Kopi?"

"Ziwani," nilisema.

"Ziwani wapi? Mbamba Bay? Tutatishwa na nini, harufu ya dagaa usipa?"

Walicheka. Mimi ni wa ziwani. Mnyasa niliyepanda mlimani kwa ajili ya ndoa na biashara. Kicheko kile kilinipanda kichwani. Ndipo nikawaelezea nyumba ya Shangazi.

Shangazi ni dada mkubwa wa baba yangu. Aliishi peke yake kusini mwa kijiji chetu, ukivuka miamba, mahali ambapo hakuna nyumba nyingine. Niliwaambia nyumba ile imelipa ziwa mgongo, mlango wake unatazama mlimani, tofauti na nyumba zote za ufukweni. Niliwaambia mbele yake kuna mkorosho uliojaa chupa zilizoning'inizwa kwa kamba, kubwa na ndogo, na upepo ukivuma zinagongana. Niliwaambia amezika waume wawili na watoto watatu na yeye bado yupo. Anaongea akitwanga, na hakuna wa kumjibu. Watoto wakipita pale hupita mbio, na mimi nikiwa mtoto nilipita mbio hivyo hivyo, ingawa ni shangazi yangu.

Yote hayo ni kweli. Lakini kila moja lilikuwa na sababu yake, na sababu zote niliziacha. Mlango unatazama mlimani kwa kuwa upepo wa ziwa unazima moto. Chupa zina mbegu za mahindi na maharage, ametundika juu panya wasifike. Anaongea akitwanga kwa sababu amekaa peke yake miaka ishirini, na mtu hawezi kunyamaza miaka ishirini.

Nilipomaliza, hakuna aliyecheka. Nje mtu alikuwa akimwulizia msaidizi wangu bei ya bahasha. Mwalimu aliweka kalamu chini.

"Mama Kopi," alisema, "hiyo si nakala."

Nitakuwa mwongo nikisema sikufurahi. Nilitembea nalo neno lile kama kitenge kipya.

Nilikumbuka, hata hivyo, kusema, "Mwalimu, ila ni shangazi yangu wa damu. Ubadilishe."

"Nitabadilisha."

Alibadilisha jina. Kijiji akakipa jina jingine, na Shangazi akamwita Bibi wa Chupa. Mengine yote aliyaacha. Zaidi ya hapo, alipanda hiace mpaka Mbamba Bay, akatafuta usafiri mpaka kijijini kwetu, akasema ni mwalimu anapima ufukwe kwa ajili ya somo. Alirudi na ramani aliyoichora kwa mkono wake: miamba, njia, mkorosho, hatua ngapi kutoka kisimani mpaka mlangoni. Mwalimu hakukosea ramani. Kwake ramani yenye kosa ilikuwa uongo, na uongo ulikuwa dhambi.

Miezi iliyofuata ilikuwa mizuri kuliko yote niliyowahi kucheza, na siwezi kumnyima hilo. Sisi watatu tulikuwa watu tuliotumwa kijijini kuchunguza kwa nini wavuvi hawarudi. Mwalimu alishusha sauti mpaka ikabidi tuiname. "Mnasikia chupa zinagongana," alisema. "Tazameni maji. Hakuna upepo." Saa tisa mchana, jua kali la Mbinga liko dirishani, watu wanatoa kopi za vyeti upande wa pili wa ukuta, na mimi vinyweleo vimesimama. Hakuwahi kumwonyesha Bibi wa Chupa waziwazi. Mkono tu, au mgongo. Nilisahau kabisa kwamba mgongo ule ndio ulionibeba nikiwa mchanga.

Siku ya mwisho ilikuwa zamu yangu. Muuguzi wangu alikuwa na kibiriti na nyasi za paa zilikuwa kavu. Nikarusha dadu ya pande ishirini. Ilitoka kumi na tisa.

"Paa limeshika," Mwalimu alisema. "Yumo ndani."

Nilipiga makofi. Rashidi alipiga meza. Mwalimu alitabasamu, jambo la nadra, akafunga kaunta buku.

Baada ya hapo alipatwa na fahari, na fahari ilikuwa ugeni kwake. Hakujua kuishi nayo. Wakati wa likizo alikuwa akifundisha masomo ya ziada kwa wanafunzi wa sekondari nyumbani kwake. Akaamua kuwapa mchezo. Aliandika hadithi yote upya kwa mwandiko wake uliosimama, akaweka ramani ukurasa wa kwanza, akaniletea nitoe kopi thelathini.

Mashine yangu ya wakati ule ilikuwa na ubovu mdogo. Kila karatasi ilitoka na mstari wa kijivu upande wa kushoto, kutoka juu mpaka chini. Nilisimama pale nikaitazama nyumba ya Shangazi ikitoka na mstari wake, moja, nyingine, nyingine, mara thelathini. Nilijua ni nini nilichokuwa nikikifanya? Nilijua nusu. Nilimwambia, "Mwalimu, hizi zisifike ziwani."

"Zitafikaje ziwani?" alisema. "Ni za wanafunzi."

Kana kwamba wanafunzi huzaliwa shuleni. Mmoja wao alikuwa wa kijiji cha jirani na kwetu. Alikwenda nyumbani nazo, akawaonyesha wenzake, na sina kinyongo naye; alikuwa na kitu kizuri na alitaka kukionyesha. Msimu ule wa mvua mtoto wa miaka sita alizama karibu na miamba. Watu walikuwa na uchungu, na uchungu ukikosa mtu wa kumwendea huzunguka mpaka umpate. Mtu mmoja akasema mbona kuna kitabu. Kikatafutwa, kikasomwa kwa sauti. Wavuvi hawarudi. Chupa zinagongana pasipo upepo. Ramani hii hapa, na kisima, na hatua.

Binamu yangu alinipigia simu Alhamisi.

"Dafrosa, njoo umchukue shangazi. Wamempa mpaka Jumapili."

"Wamempa nani? Kwa kosa gani?"

"Wanasema huko Mbinga mmeshamwandika."

Nilikwenda kwanza kwa Mwalimu. Nilimkuta shambani, amesimama kati ya miti ya kahawa na panga dogo la kupogolea. Kwa mara ya kwanza maishani nilisimama mbele ya mtu aliyenizidi umri nikaacha kumwamkia. Aliisubiri shikamoo. Aliona haiji. Nikamweleza.

Alisikiliza, akakata tawi moja, akalitupa.

"Mimi niliandika mchezo," alisema. "Ujinga ni wao."

"Sawa. Ni wao. Twende ukawaambie. Kuna mkutano kesho kutwa. Simama useme ramani umechora wewe, hadithi umebuni wewe, mama yule hana hatia. Wewe ni mwalimu, watakusikiliza. Mimi ni ndugu yake, mimi hawatanisikiliza."

"Nikasimame mbele ya mkutano nikaeleze kwamba uchawi haupo? Unajua maana yake? Maana yake nimekubali kwamba kuna swali. Nikijibu ushirikina, nimeupa kiti."

"Mwalimu, watamuua."

"Mchukue, basi. Umesema wamempa mpaka Jumapili."

"Ni nyumba yake!"

Akakohoa mara mbili. "Dafrosa," alisema, na hiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kutumia jina langu, "ni nani aliyenielezea nyumba ile?"

Alirudi kwenye kahawa yake. Nimemchukia tangu wakati ule, na sehemu kubwa ya chuki ile ni kwamba alichosema kilikuwa kweli, akakitumia kama mlango wa kutokea.

Rashidi ndiye aliyenipeleka, kwa pikapu yake ya kubebea saruji. Hakulazimika. Njiani kote aliendesha bila redio.

Mkutano ulikuwa ofisi ya kijiji. Watu walikuwa wengi, na hakuna aliyepiga kelele, ningependelea wapige. Shangazi alikaa pembeni kwenye mkeka, miguu ameinyoosha, kikapu kando yake. Mwenyekiti wa kijiji alikuwa ameshika karatasi zile zilizochakaa, na mimi nilipoingia tu niliuona mstari wa kijivu upande wa kushoto.

"Hiki kitabu kimetoka wapi?" aliniuliza.

"Kwangu. Kopi nimetoa mimi. Si kitabu, mwenyekiti. Ni mchezo."

Baba wa mtoto aliyezama alikuwa amesimama karibu na dirisha. Alikuwa kijana kuliko nilivyotegemea, shati amelifunga vifungo vibaya.

"Mchezo," alisema. "Mnacheza na nini?"

"Na dadu, baba. Tunakaa, tunabuni..."

"Nauliza mnacheza na nini. Huyu ndiye mnayemchezea?" Akamwonyesha Shangazi.

Rashidi akanisaidia. "Ni hadithi tu, ndugu yangu. Mtu ametunga."

"Hadithi ina ramani?"

Nilieleza mbegu. Nilieleza upepo na mlango. Sababu zote nilizoziacha mezani siku ile nilizimwaga pale sakafuni, moja baada ya nyingine, na nikaona nyusoni mwao kwamba zimechelewa. Mama mmoja ambaye amemjua Shangazi maisha yake yote aliitikia kwa kichwa, kisha akatazama watu wengine, akaacha.

Tulipofika nyumbani kwake kuchukua vitu, chupa zilikuwa zimeshavunjwa, mbegu zimetapakaa, kuku wa watu wanakula. Mihogo ilikuwa imekatwa. Ukuta wa nyuma ulikuwa na tundu ambalo mtu angepita wima. Shangazi alikusanya vyungu viwili, mkeka, nguo zake. Kisha akatoka, akavuta mlango, akaufunga kwa kufuli, akaujaribu kama umefunga sawasawa. Rashidi aligeuka akatazama ziwa.

Hatukucheza tena. Osmund aliendelea kumtembelea Mwalimu, na aliniambia kwamba kaunta buku zote nne zimechomwa. Huenda. Rashidi akisikia neno dadu hubadilisha mazungumzo. Kwa miaka minne kanisani Mwalimu alikaa benchi la mbele na mimi la nyuma, na wakati wa kutakiana amani niliwapa mkono wote walionizunguka, nikihesabu mabenchi yaliyobaki katikati yetu, nikishukuru.

Mwaka jana, asubuhi ya siku ya kazi, alikuja dukani.

Alikuwa amepata kiharusi. Nilikuwa nimesikia; sikuwa nimekwenda kumwona. Mguu wa kushoto aliuburuta, na mkono wa upande ule ulikuwa umekunjwa kifuani kama amebeba kitu. Alihitaji kopi ya fomu ya uhakiki wa wastaafu. Alisimama mlangoni akiisubiri pumzi irudi, na nilimwacha asubiri.

Shangazi alikuwa kwenye kiti chake karibu na kaunta, anachagua maharage kwenye ungo. Anaishi kwangu tangu siku ile, na hapendi kubaki nyumbani peke yake. Siku hizi anazungumza na wateja wangu kwa Kiswahili chake cha kununulia chumvi, na wengine huja kwa ajili yake.

"Shikamoo, mama," Mwalimu alimwamkia, maana Shangazi alimzidi umri.

"Marahaba." Akainua kichwa, akamtazama kwa muda mrefu. "Wewe nakujua. Wewe ni yule wa kupima."

Mwalimu aliiweka fomu yake juu ya kaunta.

"Alikuja kwangu," Shangazi aliniambia mimi. "Ana daftari. Ana njaa. Nilimpikia samaki, mbasa. Akala, akashukuru vizuri. Akaniuliza chupa za nini, nikamwambia za mbegu. Nikamteremshia moja, akashika."

Nilimgeukia Mwalimu. Miaka yote ile nilikuwa nimeamini kwamba aliichora nyumba kutoka kwenye miamba, kwa mbali, na kwamba sababu ni mimi peke yangu niliyezijua na kuzificha. Alikuwa amekaa ndani. Alikuwa amekula. Kila kitu alikuwa amekisikia kwa mwenyewe, akarudi nacho mlimani, akakaa mezani kwangu akaniambia chupa zinagongana na hakuna upepo.

"Shangazi," nilisema, "huyu ndiye mwalimu aliyeandika."

Mkono wake ulisimama juu ya ungo. Mwalimu alishikilia ukingo wa kaunta. Nilidhani ataanguka na sikusogea.

"Ndiyo, mama," alisema. Maneno yalitoka upande mmoja wa mdomo. "Ni mimi."

Shangazi alifikiri. Alitoa jiwe dogo kwenye maharage, akalitupa nje.

"Nyumba yangu iko wazi," alisema. "Ukuta mmoja umeharibika, lakini mtu anaweza kukaa. Nenda wewe ukakae. Ukae mpaka mvua ziishe. Wakuone unapika, unaingia, unatoka. Wakikuuliza, uwaambie ni nyumba ya nani."

"Mama, siwezi."

"Ni huo mguu?"

Angeweza kusema ndiyo. Mguu ulikuwa pale, sote tuliuona. Mate yalimshuka pembeni mwa mdomo, akayafuta kwa mkono wake mzima.

"Hapana," alisema. "Naogopa."

"Unaogopa nini? Kule hakuna kitu. Wewe mwenyewe unajua kule hakuna kitu."

"Naogopa watu, mama."

Shangazi alirudi kwenye maharage yake.

"Eh," alisema. "Na mimi."

Nilitoa kopi ya fomu yake. Nilimwekea juu ya kaunta, si mkononi, nikamwambia mteja aliyekuwa nyuma yake apite mbele.